Mnataka mama wa kuwabebea mimba nje ya nchi? Anzeni na kaunta ya Uhamiaji, kliniki baadae

Mi ni karani kwenye ofisi ya wakili, huku mjini karibu na Kisutu, kazi yangu ni kuchapa, kupeleka majalada mahakamani na kumwambia mteja "bosi yuko kikao" hata kama bosi anakula chapati. Sasa miaka ya karibuni kuna wateja wa aina mpya wameanza kuingia, mke na mume, wamevaa vizuri, wanakaa kwenye benchi wamebanana, mama kakumbatia faili utadhani kuna mtu anataka kumpora. Ndani ya faili kuna mkataba wa surogasi kutoka nchi ya mbali, kurasa thelathini na ushee, umeshasainiwa na hela ya kwanza imeshatumwa. Ndio wanauliza "hivi hili jambo kisheria limekaaje?"

Hilo swali lilitakiwa litangulie. Kwahiyo naandika hapa utaratibu tunaoutumia ofisini, na utaona unaenda kinyumenyume, tunaanza na mtoto mchanga yuko mkononi Terminal 3 pale uwanja wa ndege wa Dar, tunarudi nyuma mpaka kwenye hela ya kwanza.

Nikisema surogasi namaanisha mwanamke anabeba mimba kwa niaba ya watu wengine kwa makubaliano. Kuna anayewekewa kiinitete kilichotengenezwa maabara kwa IVF (yai na mbegu vinakutanishwa nje ya mwili), yai sio lake, na kuna anayetumia yai lake mwenyewe. Hiyo ya pili kwenye mambo ya nchi mbili achaneni nayo kabisa, maana hapo huyo ni mama kwa damu na kwa leba, utamwambia hakimu gani kwamba sio mama? Na "ya biashara" ni pale anapolipwa zaidi ya gharama zake.

Hatua ya kwanza: mtoto anarudije nyumbani

Siku moja bosi aliwafungulia wateja mkataba wao ukurasa wa 19, akaweka kalamu chini ya mstari mmoja: mtoto atapata cheti cha kuzaliwa na hati za kusafiria "kwa mujibu wa sheria husika". Akauliza, "Sheria husika ya nchi gani?" Kimya. Feni inazunguka. Mume akamwangalia mke, mke akafungua simu akaanza kutafuta meseji za yule dada wa ejensi (kampuni inayowatafutia mama wa kubeba), akashuka chini wee, zote ni picha za watoto wanacheka na maua.

Msikubali kitu chochote mpaka muwe na majibu ya maandishi ya maswali matatu. Mtoto akizaliwa, cheti kitaandika mama ni nani? Nchi ya kuzaliwa itampa uraia? Na atasafiria hati gani?

Hili la uraia ndio watu wanaangukia. Marekani mtoto akizaliwa pale huwa anapata uraia palepale kwa Katiba yao (japo Januari 2025 Trump alisaini amri ya kubana hilo, kesi zikafunguliwa, kwahiyo fuatilieni). Lakini Ukraine na Georgia (nchi, sio lile jimbo la Marekani), ambazo ndizo zinatangazwa kwa bei nafuu, kuzaliwa pale hakumpi mtoto uraia. Sasa nchi ya kuzaliwa inasema huyu ni wa hao wageni, na nchi yenu ikisema sisi mama tunayemtambua ni aliyezaa, mtoto anabaki hana kwao. Hii sio ya kufikirika. Kuna mapacha wa baba Mjerumani walizaliwa India Januari 2008, India ikasema sio Wahindi, Ujerumani ikasema surogasi kwetu hairuhusiwi, wakakwama miaka miwili mpaka ikapatikana njia ya kuasili (kumchukua mtoto awe wako kwa amri ya mahakama).

Kwetu, Sheria ya Uraia ya 1995 inasema aliyezaliwa nje ni Mtanzania kama baba au mama yake ni raia, ila kama huyo mzazi na yeye ni raia wa kurithi kwa sababu alizaliwa nje, hapo mambo yanabadilika, mseme mapema kwa wakili. Na neno "mama" pale halikuandikwa na mtu anayewaza surogasi. Kwahiyo mnaandika barua ubalozi wetu unaohusika na hiyo nchi, KABLA ya kupandikiza, mnaeleza ukweli wote, mnauliza wanataka nini ili watoe hati ya dharura ya kusafiria kwa mtoto. Jibu la simu halihesabiki. Jibu likichelewa, na kliniki isubiri.

Hatua ya pili: chagueni nchi kwa sheria yake ya leo

Ramani ya hii biashara inahama kama machinga akifukuzwa barabara moja anaibukia nyingine. India ilikuwa ndio soko kuu, 2015 ikafungia wageni, na sheria yao ya 2021 ikaondoa kabisa malipo. Thailand nayo ikafunga 2015. Nepal mwaka huohuo, watu wakahamia Cambodia, Cambodia ikapiga marufuku 2016, na 2018 wanawake zaidi ya thelathini waliokuwa wamebeba mimba wakakamatwa. Soma tena hapo, waliokamatwa ni wenye matumbo. Urusi ikafungia wageni Desemba 2022. Kwahiyo ejensi akikwambia "sisi tunafanya hii kazi hiyo nchi miaka kumi" hajakujibu, muulize sheria inasemaje mwezi huu, na ikibadilika mimba ikiwa na miezi minne inakuwaje.

Hapa Afrika, Afrika Kusini wana sheria nzuri kuliko nyingi, Sheria ya Watoto ya 2005: mkataba lazima uthibitishwe na Mahakama Kuu kabla mimba haijawekwa, malipo ya biashara hakuna, na angalau mzazi mmoja awe na makazi yake ya kudumu kulekule. Yaani wewe wa Mbezi Beach huwezi kupanda ndege tu ukaenda. Akikwambia mtu inawezekana, kuna uongo umefichwa kwenye makaratasi. Ghana sheria yao ya usajili wa vizazi ya 2020 inaruhusu kuomba amri ya Mahakama Kuu kuhusu nani ni mzazi, hata kabla ya kujifungua. Kenya watu wengi wa hapa ndio wanakokimbilia kwa sababu ni karibu na basi lipo, ila kuna kesi ya Nairobi iliyoamuliwa 2014 ambapo mapacha wa surogasi walipelekwa kwenye makazi ya watoto na maafisa huku wazazi waliotoa kiinitete wapo, na jaji akaonyesha wazi kwamba hakuna sheria ya kushika. Mwaka huohuo Kenya ikasimamisha wageni kuasili. Mswada wa mbunge wao Millie Odhiambo kuhusu mambo haya umezunguka bungeni kwao miaka mingi, muulize wakili wa Kenya hali ya sasa, sio ejensi.

Marekani inategemea jimbo, California ndio mahakama zake zimezoea tangu miaka ya tisini, lakini gharama inavuka dola 100,000 bila kutokwa jasho.

Na nyie ndugu zetu mlioko ughaibuni, angalieni nchi mnayoishi. Italia tangu 2024 ni kosa kwa raia wake hata akifanyia nje, kifungo mpaka miaka miwili na faini mpaka yuro milioni moja. Uingereza mama kisheria ni aliyezaa hata kama mtoto kazaliwa Georgia, mpaka mpate amri ya mahakama, ambayo inatakiwa iombwe ndani ya miezi sita, na ridhaa ya huyo mama haihesabiki kama kaitoa kabla mtoto hajafikisha wiki sita. Wiki sita! Watu wanamsainisha siku ya pili wodini wanadhani wamemaliza.

Hatua ya tatu: sheria ya hapa, na njia ya mkato ambayo nawakataza

Tanzania hatuna sheria mahsusi ya surogasi. Wengine wakisikia hivyo wanafurahi, "basi hairuhusiwi wala haikatazwi". Shida ni kwamba usipokuwa na sheria yako unaangukia kwenye sheria za wengine. Sheria ya Mikataba kifungu cha 23 inasema makubaliano yaliyo kinyume na maadili au maslahi ya umma ni batili, kwahiyo msitegemee sana kwamba mahakama ya hapa itamlazimisha mtu akabidhi mtoto kwa sababu ya karatasi. Usajili wa kizazi unafuata tangazo la kizazi linalotoka hospitali, na hospitali inaandika aliyejifungua. Kuasili kuna njia yake kwenye Sheria ya Mtoto ya 2009, inapitia Ustawi wa Jamii mpaka Mahakama Kuu, inachukua muda, na inataka ridhaa ya mama. DNA ni kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na hauendi dirishani kama unaenda kununua luku, ombi linapitia wakili, mahakama, Ustawi wa Jamii na wengine waliotajwa na sheria.

Sasa njia ya mkato. Inanongonwa sana: mama anayebeba anaanza kliniki kwa jina la mke, kadi inaandikwa jina la mke, bima ya mke, akijifungua tangazo linatoka na jina la mke, cheti kinatoka safi. Nimesikia mtu anaieleza kama vile kagundua mafuta.

Achana na kwamba ni kughushi na ni jinai. Fikiria ile kadi yenyewe. Mke hajawahi kuzaa, kwahiyo kadi inasema mimba ya kwanza. Anayebeba kazaa watatu, wa mwisho kwa opereshen, ana kovu kwenye kizazi. Usiku wa leba muuguzi wa zamu anasoma kadi, anaona mimba ya kwanza, uchungu unasuasua, anafikiria kumwekea dawa ya kuongeza uchungu. Kovu lile linaweza kupasuka. Na huyu dada kaambiwa asiseme kitu maana akisema "dili linaharibika". Kwahiyo mnaweza kuwa na cheti kizuri kabisa cha kuzaliwa na mtu kafa kwa jina lisilo lake.

Hatua ya nne: huyo mama ni nani, na anapata nini

Mtaalamu maalum wa Umoja wa Mataifa anayeshughulikia uuzaji wa watoto aliandika kwenye ripoti yake ya 2018 kwamba surogasi ya biashara kama inavyofanyika sasa, mara nyingi inaangukia kwenye tafsiri ya kuuza mtoto. Kali, lakini ina mantiki, angalia mkataba wenu unavyolipa. Kama hela kubwa inatoka siku ya kukabidhi mtoto mzima, na mimba ikiharibika mwezi wa sita mama hapati kitu, basi mnanunua nini hapo? Inatakiwa malipo yaende na muda na mzigo alioubeba, kila mwezi, hata mimba ikitoka, hata mtoto akizaliwa amefariki, na ridhaa ya kukabidhi isifungwe na hela.

Kiafya pia msidanganywe kwamba "anabeba tu". Utafiti wa Ontario, Kanada, uliochapishwa 2024, ulikuta matatizo makubwa ya uzazi kwa karibu asilimia 7.8 ya wanaobeba kwa niaba, ukilinganisha na 2.3 kwa mimba za kawaida na 4.3 kwa IVF. Tunaongelea kutokwa damu nyingi, kifafa cha mimba, vitu ambavyo kila familia hapa ina shangazi au dada iliyempoteza. Na huko ni Kanada, hospitali zao mnazijua. Kwahiyo kiinitete kimoja kwa wakati, sio viwili "tupate mapacha tumalize", mapacha wanazidisha hatari kwake na kwa watoto.

Vitu ambavyo bosi anavitafuta kwenye mkataba kabla hata ya bei: anayebeba ana wakili wake, sio wakili wa ejensi anayewasimamia nyie na yeye? Ana mtoto wake tayari na anajua ujauzito ni nini? Mkataba upo kwa lugha anayoisoma? Maamuzi ya mwili wake, opereshen, kutoa mimba ikiwa hatari, analala wapi, anasafiri au hasafiri, ni ya nani? Kama jibu ni ya "wazazi watarajiwa", huo mkataba urudishwe. Na matibabu baada ya kujifungua yanaishia lini, maana kwenye mingi niliyochapa mimi yanaishia siku anatoka hospitali, wakati kidonda cha opereshen hakijui tarehe ya mkataba.

Mtu atasema lakini ameridhia mwenyewe. Ndio, na mama lishe anayekopa kausha damu naye anaridhia. Mi sisemi maskini hajui anachotaka, anajua sana, nasema muulize angefanya hivyo kama asingekuwa na marejesho ya kila siku, na jibu lake limsaidie yeye kupata masharti mazuri zaidi, sio limshushe bei.

Hatua ya tano: hela

Hapa kwa ufupi. Hela isikae kwa ejensi, ikae kwenye akaunti ya amana kwa wakili, ikitoka kwa hatua zilizoandikwa. Hakuna kutuma kwa akaunti ya mtu binafsi, hakuna "tuma leo kesho bei inapanda". Wakili mhakikini kwenye mfumo wa Mahakama kama yupo kweli na leseni yake ni ya mwaka huu. Kampuni iliyosajiliwa nchi moja, kliniki nchi nyingine, mama nchi ya tatu na kujifungua nchi ya nne, hiyo ni dalili kwamba mkigombana hakuna mahakama itakayosema hii kesi ni yangu.

Hatua ya sita: andikeni mabaya yote

Sisi waswahili hatupendi kutaja mabaya, tunaona ni uchuro. Hapa tajeni. Mkiachana katikati? 2008 wanandoa wa Kijapani waliachana mwezi mmoja hivi kabla mtoto wao hajazaliwa India, mke akasema simtaki, mama mbebaji naye hakuwa mama kisheria kwa mkataba, baba akazuiwa na sheria, bibi mzaa baba ndio akapanda ndege kwenda kulea, na mtoto akaondoka baada ya miezi kadhaa na suala limefika Mahakama ya Juu. Mtoto akizaliwa na ulemavu? 2014 dunia nzima ilisikia habari za pacha mwenye tatizo la Down aliyebaki Thailand na mama aliyembeba huku dada yake kapelekwa Australia. Mipaka ikifungwa? 2020 corona iliacha makumi ya watoto wamepangwa kwenye vitanda ndani ya hoteli moja Kyiv, Ukraine, wauguzi wanawabembeleza kwa zamu, wazazi wanawaona kwenye simu. Miaka miwili baadae ikaja vita.

Kwahiyo mkataba useme nani anamchukua mtoto kwa hali yoyote aliyozaliwa nayo, na nyie muandike wosia na jina la mlezi kabla ya kupandikiza, na huyo mlezi awe na pasi iliyo hai. Shangazi ambaye hajawahi kuwa na pasi hawezi kwenda kumchukua mtoto Tbilisi kule Georgia.

Kwa dada anayeitwa kubeba

Maana simu inaita pande zote mbili. Alikuja binti mmoja wa Mbagala na meseji, kaahidiwa mshahara wa mwezi, nyumba, chakula, kazi ni "kusaidia familia zisizo na watoto", asafiri wiki ijayo na visa ya utalii. Bosi alimuuliza kitu kimoja tu, "Ukifika pasi yako anashika nani?" Akasema wamesema watanitunzia.

Mdogo wangu, hapo usipande. Agosti 2023 polisi wa Ugiriki walivamia kliniki huko Chania, kisiwa cha Krete, wakakuta wanawake kutoka nchi maskini za Ulaya wametumikishwa kutoa mayai na kubeba mimba, wakiishi kwenye nyumba chini ya uangalizi. Mapema 2025 wanawake wa Thailand walisimulia kwamba waliahidiwa kazi ya surogasi Georgia, kufika wakawa wanavunwa mayai. Kwetu kuna Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2008, na kutumia hali ya mtu ya unyonge kumchukua kwa unyonyaji kunaingia humo hata kama alisema ndio. Pasi yako ikae kwako, mkataba uwe wa Kiswahili na nakala uiache kwa ndugu, na kama huwezi kumtaja kwa jina daktari atakayekupandikiza, hakuna kazi hapo.

Dini na familia, msiliruke hili

Wengi wanakuja wamemaliza kila kitu halafu mama mkwe anauliza shehe au padri anasemaje. Baraza la Fiqhi (sheria za Kiislamu) la Makka lilishawahi kumruhusu mke mwenza ambebee mwenzake mimba, 1984, mwaka uliofuata likafuta, kwahiyo wanazuoni wengi wa Sunni wanakataa. Papa Fransisko Januari 2024 aliita jambo hili la kusikitisha na kutaka lipigwe marufuku dunia nzima. Mnaweza msikubaliane nao, ila mtoto atabatizwa au atafanyiwa akika mbele ya hao hao watu, na mirathi ya Kiislamu inauliza nasaba. Ongeeni kabla.

Wale wateja wa ukurasa wa 19 waliandikiwa barua ya yale maswali matatu. Ejensi alijibu baada ya siku kumi na moja, "usijali mpendwa, wateja wetu wote wanarudi salama", na kaua kamoja. Hela ya kwanza haikurudi. Mama alikuja peke yake wiki mbili baadae kuuliza taratibu za Ustawi wa Jamii za kuasili, nikamwandikia kwenye karatasi aanzie ofisi ya wilaya, aende na cheti cha ndoa.

Kwa watakaoendelea, wekeni faili la mtoto tofauti na la mkataba. Mkataba wa haki za mtoto wa 1989, ibara ya 7 na ya 8, unampa haki ya kuwajua wazazi wake kadri inavyowezekana na kulinda utambulisho wake, na siku moja atauliza. Humo iwemo amri ya mahakama, taarifa za kliniki na za aliyetoa yai au mbegu kama alikuwepo, group la damu, na picha ya yule mama pamoja na namba yake ya simu, mkiipiga mara mojamoja kujua kama bado inaita.